Gia Inayocheza Kama Mwiko Chunguni: Kusafisha na Kutengeneza Leva ya Gia



Katika somo hili tunaangalia jambo dogo linalokula pesa nyingi za vikundi, nalo ni leva ya gia iliyolegea. Vikundi vingi siku hizi vina gari. Limenunuliwa kwa michango, lilikuwa limetumika na watu wengine miaka mingi kabla ya kufika kwenu, na kazi yake ni kubeba maziwa, mahindi, mbao au mchanga. Gari kama hilo lina wenyewe thelathini. Likilala gereji wiki mbili, ni jamaa thelathini ambazo hazikufika sokoni.

Mfano wetu utakuwa Toyota Hilux ya miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu bado ziko nyingi mashambani na leva yake hutoka bila shida kubwa. Wenye Isuzu, Nissan au Land Rover wasiliweke somo kando. Mambo ni yale yale, ila namna leva ilivyofungwa yaweza kuwa tofauti. Wenye Peugeot zenye gia kwenye usukani tutawapa neno lao karibu na mwisho.

Leva ni kitu gani

Mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva huona nusu ya leva tu. Chini ya ile raba ya sakafuni leva inaendelea. Ina tufe la chuma karibu ukubwa wa ndimu, na tufe hilo limekalia kikombe cha nailoni ndani ya shingo ya giaboksi. Chini ya tufe leva inashuka kidogo tena na kuishia kwa ncha iliyovikwa bushi ndogo, nayo ya nailoni. Ncha hii ndiyo inayosukuma vyuma vya ndani vinavyobadilisha gia. Juu ya tufe kuna springi na kifuniko vinavyolikandamiza lisiruke.

Basi leva ya gia ni wenzo, sawa na ule mti tunaotumia kung'olea jiwe shambani. Mkono ukienda kushoto, ncha ya chini inakwenda kulia. Mkono ukisukuma mbele, ncha inarudi nyuma. Na kama ilivyo kwa wenzo wowote, upande mrefu hukuza mwendo wa upande mfupi. Tuseme kutoka tufe hadi kishikio ni sentimita 40, na kutoka tufe hadi ncha ni sentimita 8. Juu ni mara tano ya chini. Bushi ya chini ikilika milimita 2 tu, kishikio kitacheza milimita 10, yaani sentimita nzima. Ongezeni kulegea kwa kikombe cha tufe, na hapo dereva anaanza kutafuta gia ya 2 kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

Watu hutuuliza kwa nini Wajapani waliweka nailoni mahali pa kazi ngumu namna hii badala ya chuma. Waliweka kwa makusudi. Nailoni inalika ili chuma kisilike, na inazuia mtetemo wa giaboksi usipande mpaka mkononi. Kwa hiyo bushi imewekwa pale ili ibadilishwe. Shida ni kwamba imejificha, na kitu kilichojificha hakikumbukwi mpaka kimevunjika. Vumbi la barabara za murram likipenya kwenye raba iliyochanika, kazi ya kuilika inakwenda mbio zaidi. Vilevile dereva mwenye tabia ya kupumzisha mkono juu ya kishikio safari nzima anazisaga bushi, na vyuma vya ndani pia.

Kabla ya kushika spana

Hapa ndipo tungependa mkae zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Tunajua kikundi kimoja cha akina mama wa soko, upande wa milimani, ambao pikapu yao ilianza kukataa gia. Walipeleka kwa fundi. Fundi alikaa ndani, akaitikisa leva, akasema giaboksi imekwisha na itafutwe nyingine. Bei aliyotaja ingemaliza akiba yote pamoja na zile pesa zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya karo ya muhula uliofuata. Mweka hazina alikataa kutoa hata shilingi kabla ya mtu wa pili kuangalia. Mtu wa pili aliitoa leva kwa muda mfupi, akawaonyesha vipande viwili vya bushi iliyopasuka. Giaboksi yao haikuwa na neno.

Hatusemi yule fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Pengine hakujua, au alichoka. Lakini kikundi kinachojua kupima chenyewe hakiwezi kutishwa upesi.

Vipimo ni hivi. Simamisheni gari mahali tambarare, mzime injini, na mweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kanyageni klachi, muingize gia ya 3, kisha mshike kishikio na kukitikisa kushoto na kulia bila kukilazimisha. Kucheza kidogo ni kawaida, hata gari jipya hucheza. Lakini kikizunguka kama mwiko kwenye chungu cha uji, na bado gari liko kwenye gia, shida inaelekea kuwa bushi au kikombe.

Kisha mpitie gia zote, injini ikiwa bado imezimwa. Zote zikiingia vizuri, washeni injini na mjaribu tena. Kama injini ikizimwa gia zinaingia, na ikiwashwa zinakataa au zinalia, hasa rivasi, angalieni klachi kwanza. Huenda haiachii. Hilux nyingi hutumia klachi ya mafuta, yale yale ya breki. Tazameni kikopo chake kama kimepungua, halafu mtazame nyuma ya pedali na kule chini kwenye giaboksi kama kuna unyevu. Bushi mpya haitatibu klachi inayovuja.

Kama ni gia moja tu inayolia, kwa mfano ya 2, na nyingine zote zinaingia kimya, hiyo ni dalili ya kitu ndani ya giaboksi, ile pete ya shaba inayolinganisha mwendo. Huo ni ugonjwa mwingine na gharama nyingine. Kama gia inaruka yenyewe mkiteremka, msiamue haraka. Bushi iliyolika yaweza kuzuia gia isiingie mpaka mwisho, nayo ikaruka. Raba iliyokauka ikawa ngumu yaweza kuivuta leva irudi. Maunti ya giaboksi iliyokatika yaweza kufanya hivyo pia: mtaona leva ikienda mbele na nyuma yenyewe kila dereva akikanyaga na kuachia mafuta. Anzeni na yale ya bei ndogo. Ikiwa bado inaruka baada ya hayo, hapo ni ndani.

Jambo la gia kuruka tusilifanyie mzaha. Gari lenye mzigo likiteremka mlima, gia ndiyo inayolishika pamoja na breki. Ikiruka, au dereva akakosa kuingiza gia ya chini alipoitaka, breki peke yake zinabeba kila kitu, zinapata moto na nguvu yake inapungua. Na mara nyingi juu ya magunia wamekaa watu, ingawa kila mmoja wetu anajua haifai. Gari ambalo gia yake inaruka lisipakiwe hata gunia moja mpaka litengenezwe, na mwenyekiti asione haya kulisema hilo siku ya soko.

Vitu vya kutafuta

Mnahitaji bisibisi ya nyota, plaisi, spana chache, brashi ya meno iliyozeeka, lita moja ya mafuta ya taa, karai, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, grisi kidogo ya kawaida ya magari, na tochi. Pamoja na hivyo bushi ya chini na kikombe cha tufe, vyote viwili. Msibadilishe kimoja mkaacha kingine, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Msitumie petroli kusafishia. Mvuke wake unajaa ndani ya gari, na cheche moja ya waya au sigara ya mpita njia inatosha kuunguza gari na mtu. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri sana, ila nayo yawekwe mbali na moto, na milango ya gari iachwe wazi.

Kuhusu kununua, kuna mtego. Hilux za umri mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti, na bushi ya hii haiingii kwenye ile. Fungueni boneti mtafute kibati cha Toyota. Kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na hapo kuna herufi na namba za giaboksi iliyotoka nayo kiwandani, kwa mfano L, G au W ikifuatwa na tarakimu. Iandikeni. Lakini gari la zamani laweza kuwa limeshawekwa giaboksi nyingine, kwa hiyo dawa hasa ni kwenda dukani na bushi ya zamani mkononi, hata ikiwa vipande. Nairobi maduka ya spea yamejaa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na miji mingi ya wilaya ina duka moja au mawili yanayoweza kuagiza. Bushi ikiwa na kingo zenye makombo au nyufa nyembamba tangu dukani, rudisheni.

Kuitoa leva

Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa mbele na nyuma, ufunguo umetolewa. Wekeni gia huru. Mawe haya si mapambo: leva ikishatoka hakuna anayeweza kuliweka gari kwenye gia, kwa hiyo mawe na breki ya mkono ndivyo vinavyolishika. Kama gari limetoka safari, ngojeni lipoe.

Fagieni sakafu ya gari kwanza, kisha mpanguse kwa kitambaa chenye maji. Fungueni kishikio kwa kukizungusha. Ondoeni skrubu za raba ya juu, muivute itoke. Chini yake kwa kawaida mtakuta raba ya pili ndogo. Nayo ipandisheni juu ya leva.

Sasa mtaona kifuniko, na yamkini kimezungukwa na matope makavu na grisi ya miaka kumi. Simameni hapo. Msifungue. Sugueni pande zote kwa brashi iliyoloweshwa mafuta ya taa kidogo, pangusa, sugueni tena, mpaka chuma kionekane. Mkifungua kabla ya kusafisha, mchanga wote huo utaanguka ndani ya giaboksi, na mchanga ndani ya oili ya gia ni kama kuweka msasa kati ya meno. Dakika kumi za kusafisha hapa ni bora kuliko kazi nyingine yote itakayofuata.

Kwenye Hilux nyingi za umri huu kifuniko hakina bolti. Wekeni kitambaa juu yake, mkikandamize chini kwa nguvu kushinda springi, kisha mkizungushe kinyume cha saa mpaka meno yake yaachie. Kiachieni polepole, springi inasukuma. Mikono miwili ya mtu mmoja inatosha, lakini ikiwa ya mzee, kijana mmoja asaidie kukandamiza. Mkikuta bolti au pete ya springi, kama ilivyo kwenye magari mengine, fungueni hizo. Zenye gia za magurudumu manne zina leva ya pili, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyofungwa kwa pete. Inatolewa kwa plaisi, na macho yalindwe kwa sababu pete hizo huruka.

Vuteni leva juu, moja kwa moja. Kabla haijatoka kabisa, tazameni inaangalia upande gani. Mara nyingi leva imepindwa, na kuna pini au jino dogo linalozuia tufe lisizunguke. Chukueni chaki mweke alama, au mmoja wenu achore kwenye daftari. Mpangilio wa springi, sahani na kikombe uandikwe vilevile, kipi juu na kipi chini.

Mara leva inapotoka, funikeni tundu kwa kitambaa kikubwa. Tunasema kikubwa kwa sababu kile kidogo huzama ndani, halafu ndiyo inakuwa hadithi.

Kusafisha na kuangalia

Osheni leva kwenye karai kwa mafuta ya taa, mkaushe, mpeleke nje penye mwanga. Bushi ya chini ikiwa imepasuka au haipo kabisa, mmepata jibu. Kama haipo, iko mahali, na mahali penyewe ni ndani ya kile kikopo cha chuma ambamo ncha huingia. Vipande vyake ni lazima vitoke. Sumaku haishiki plastiki, kwa hiyo chukueni kijiti safi, mpake grisi nzito kwenye ncha, mguse kipande nacho kitanata. Tumieni tochi. Unganisheni vipande juu ya meza kama kigae cha chungu mpaka mwone duara limetimia. Kikikosekana kimoja, kitafuteni.

Tundu lenyewe lisafishwe kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti. Msimwage mafuta ya taa ndani. Yatachanganyika na oili ya gia na kuifanya nyepesi.

Tufe liwe laini. Kutu nyembamba inaondoka kwa msasa laini sana wenye oili, kisha leva ioshwe tena ili unga wa msasa usibaki. Mkiona tufe lina mikwaruzo inayokamata ukucha, litaila nailoni mpya upesi. Tazameni ncha pia. Ikiwa imelika upande mmoja ikawa bapa, bushi mpya itakaa imelegea. Fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza chuma, kisha ipigwe tupa mpaka bushi iingie kwa kubana. Lakini angalieni sana: baadhi ya leva zina raba ndani yake, kati ya kipande cha juu na cha chini, ya kupunguza mtetemo. Moto utaiyeyusha. Na raba hiyo ikiwa imeoza, leva itacheza hata mkiweka bushi za dhahabu. Shikeni kipande cha chini kwa jiriwa, mtikise cha juu. Kikicheza, leva yenyewe ndiyo ya kubadilisha.

Pembeni mwa shingo ya giaboksi, kwenye nyingi za Hilux hizi, kuna bolti mbili kubwa, moja kila upande. Ndani yake kuna pini na springi zinazorudisha leva katikati, mahali pa gia ya 3 na ya 4. Ikiwa leva yenu ilikuwa inaangukia upande mmoja bila kurudi, springi mojawapo huenda imevunjika. Kama haikuwa hivyo, ziacheni. Mkizifungua, wekeni alama ya kushoto na kulia, kwa sababu hazifanani na zikibadilishana pande leva haitakaa mahali pake.

Tuseme neno juu ya bushi za kienyeji. Tumeona za kipande cha mpira wa petroli, za ngozi, hata za slipasi iliyokatwa. Tunaelewa sababu: duka liko mbali na maziwa yanaharibika leo. Mpira wa namna hiyo utawafikisha nyumbani. Lakini mpira na slipasi huvimba kwenye oili, hukatika, na vipande huingia kwenye meno. Ukiwekwa, uandikwe kwenye daftari la gari, na tarehe ya kuutoa iandikwe papo hapo. Dawa bora ya kienyeji ni kumpelekea fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuzungusha, akachonga bushi kutoka kwa fimbo ya nailoni kwa vipimo vya ile ya zamani. Tumeona hizo zikidumu vizuri. Za shaba nyeupe au nyekundu hudumu pia, ila leva italia na kutetemeka mkononi, na wengine kelele hiyo hawaiwezi.

Raba ya juu ni habari nyingine. Ile mnaweza kuikata kutoka kwa tyubu ya zamani ya lori na kuifunga kwa skrubu zile zile, mradi iwe na mikunjo ya kutosha isiivute leva. Kazi yake ni kuzuia vumbi, na tyubu inaizuia.

Kurudisha

Bushi ya nailoni ikikataa kuingia, iloweni kwenye maji ya moto dakika chache. Inalainika, mnaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikae. Msiigonge kwa nyundo. Pakeni grisi nyembamba kwenye tufe, kwenye kikombe na kwenye bushi. Nyembamba, kwa sababu grisi nyingi inakusanya vumbi.

Ondoeni kitambaa, mmulike ndani mara ya mwisho, mteremshe leva kwa kufuata alama zenu. Mtaisikia ncha ikiingia kwenye kikopo chake. Isipoingia, msilazimishe: kikopo kimeegemea upande. Ingizeni bisibisi safi polepole mkirudishe katikati. Kisha springi, kifuniko, kandamizeni, zungusheni upande wa saa mpaka meno yashike. Jaribuni kukiinua kwa mkono. Kikiinuka hakijashika, na leva itawabaki mkononi barabarani, jambo ambalo tunawaombea lisiwapate.

Kabla ya kurudisha raba, pitieni gia zote injini ikiwa imezimwa. Baada ya hapo washeni, klachi chini, mpitie tena. Mwisho dereva aende mwendo mdogo mahali tambarare, bila mzigo, akipanda mpaka gia ya juu na kushuka. Kesho yake ndipo gari lipakiwe.

Kwa kuwa mko hapo, pimeni oili ya giaboksi. Ubavuni kuna bolti ya kujazia na chini kuna ya kumwagia. Fungueni ya kujazia kwanza kila mara. Mkimwaga halafu mkagundua ya kujazia imeshika kutu haifunguki, mna gari lisilokwenda popote. Oili inatakiwa ifike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Nyingi za Hilux hizi hutumia SAE 75W-90 au 80W-90, na kama ni GL-4 au GL-5 fuateni kitabu cha gari hilo. Mafuta machafu ya karai yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Yawekeni kwenye jerikeni yenye kifuniko, mandishi juu yake, mbali na watoto.

Kwa wenye gia kwenye usukani, kama Peugeot 404 na baadhi ya 504: ninyi hamna tufe sakafuni. Mna fimbo zinazoshuka na usukani mpaka giaboksi, na kila kiungo kina bushi yake. Mmoja aitikise leva huku mwingine akiwa chini ya boneti akiangalia kila kiungo. Kile ambacho fimbo ya upande mmoja inakwenda na ya upande wa pili inachelewa, ndicho kimelika. Safisheni vyote, mbadilishe kilicholika, mpake grisi.

Ya kuzungumza mkutanoni

Dereva wenu akiona gia inacheza, anamwambia nani, na neno lake linaandikwa wapi? Ni nani mwenye ruhusa ya kusema gari lisiondoke siku ya soko, na je, atasikilizwa? Mweka hazina analipa spea kwa risiti au kwa maneno? Kitu cha zamani kilichotolewa kinarudishwa wanachama wakione, au kinabaki gereji? Na gari lenu hivi leo, likiwa limezimwa na liko gia ya 3, kishikio kinacheza vidole vingapi?